Nyumba Inayotazama Stesheni

Mwanangu, siku niliyoshuka Nachingwea mara ya kwanza naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa kijana mwenye kifurushi kimoja, nimetoka Msumbiji kumtafuta mama. Yeye alitangulia na mjomba enzi za mashamba ya karanga, akaniacha kwa bibi. Maelekezo aliyonitumia kwa midomo ya watu yalikuwa mafupi tu: nyumba inayotazama stesheni ya treni. Sikuwa na kingine.

Nikamuuliza fundi cherehani mmoja barazani kwake. Akacheka mpaka akaacha kushona.

"Kaka, treni? Hapa treni utaiona kwenye picha."

Hakukusudia kunidanganya. Naye alikuwa mgeni, katoka kijijini Kiegei juzi juzi, wala hakuwahi kuuliza kwa nini mtaa wake umenyooka vile na mingine yote imepinda. Basi nikaamini nimekosea mji. Nikaenda zangu Ruangwa, nikapata kibarua cha kulima kule Likunja, nikaoa, nikazoea.

Miaka ikapita. Siku moja, sokoni Ruangwa, nikamsimulia bibi mmoja wa Kimwera aliyekuwa akiuza karanga. Akaniangalia kwa huruma, na hasira kidogo.

"Mjukuu wangu, mambo ya zamani unamuuliza mtoto wa juzi? Reli waliing'oa, mtaa ule ulionyooka ndimo ilimopita. Stesheni si ndiyo lile ghala la korosho? Sisi tunapaita Stesheni mpaka kesho."

Nikarudi Nachingwea. Nyumba ipo, inatazama ghala. Jirani, mama mtu mzima, alivyoniona usoni akaanza kulia hata sijajitaja. Mama yangu walikuwa wamemzika msimu uleule niliorudi. Kila asubuhi, jirani akaniambia, mama alikuwa akiweka unga wa mtama kidogo pale mlangoni, kama wafanyavyo wazee wetu kumwombea aliye safarini. Unga ulikuwa bado umenasa kwenye nyufa za kizingiti. Nilikaa chini nikalia, sikujali nani anapita.

Na kutoka baraza la yule fundi hadi mlango ule, muhogo wa kuchoma usingeisha mkononi. Kanga zake mama alikuwa akizipeleka kukungwa pindo kwa fundi huyohuyo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, na nimeshazeeka nalo.

Sasa mtaa una lami na bodaboda, na nyinyi mna simu zenu. Sawa. Lakini simu hiyo inajua mtaa unavyoitwa leo, haijui mama yangu aliuitaje. Kwa hiyo mfugaji akija na ng'ombe wake kutoka huko Kanda ya Ziwa, akakuuliza mahali usipopajua, usimwambie hapapo. Mwambie sijui, kisha umlete kwetu sisi wachache tuliobaki. Na wewe mwenyewe uje utuulize, usingoje tuishe.

Mungu akutunze, mwanangu. Kila utakaposafiri, akurudishe nyumbani umkute mama yako bado yupo mlangoni.