Fungu la Aliyeshika Kamba

Mume wangu alikuwa karani wa ofisi ya tarafa huku mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Kihagara, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Sisi ni watu wa Singida. Yeye alileta mshahara, mimi niliutunza, na hatukuwahi kugombana kwa hilo, kwa sababu pesa haikukaa mfukoni mwake na mwenyewe alijijua.

Tulikuwa na mtoto mmoja, wa kike, hajafikisha mwaka. Habari zikatufikia kutoka Singida kwamba macho ya mama yangu yanaingia ukungu: moja limeshakwenda, la pili linafuata. Hakuwa amemwona mjukuu wake. Serikali ingetulipia nauli ya likizo, lakini zamu yetu ilikuwa mbali, na macho ya mama hayakuwa na habari na zamu za serikali. Nilitaka amwone mtoto kabla hajapofuka. Sikutaka kitu kingine duniani, na safari ile ilihitaji nauli ya lori mpaka Songea, kisha mabasi mengine mengi mbele.

Tukaanza kubana matumizi. Chai tukanywa bila sukari, sukari ikabaki ya wageni. Taa tukaizima mara tu tulipomaliza kula. Mume wangu akaacha sigara, akanuna wiki nzima kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Pesa niliiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo halikujaa. Samaki ndio waliotumaliza. Wanawake waliwaleta mlangoni, na kwetu sisi wa nyumba za serikali kulikuwa na bei yetu, bei ya mtumishi. Ukilalamika unaambiwa, "Mama, nyinyi si mna mshahara?" Kana kwamba mshahara unatagwa na kuku.

Jirani yangu, Mnyasa, alinicheka. "Dada, kitoweo cha kula nyumbani kinanunuliwa? Nenda ukavute."

Kila asubuhi mtumbwi ulikwenda kutega kokoro, ule wavu mrefu, ukaleta kamba zake mbili ufukweni. Yeyote aliyeshika kamba akavuta mpaka wavu ukafika mchangani alipewa fungu lake la samaki, awe mwenyeji au mgeni. Hakuulizwa ametoka wapi.

Nilipomwambia mume wangu, alikasirika. "Mke wa karani avute kokoro? Watu watasema sikulishi!"

"Baba, wewe mkutanoni unawasomea watu habari za kujitegemea mpaka jasho linakutoka. Mimi nakwenda kujitegemea."

Alichukua kofia yake akaenda ofisini.

Nikaenda na mtoto mgongoni. Kamba mbichi yenye mchanga inachuna viganja, nisidanganye. Wavutaji wenzangu walitaniana kwa Kinyasa, na nilijua wanayemtania ni mimi. Wavu ulipokaribia, mtoto akalia. Nikaachia kamba, nikakaa chini nimnyonyeshe. Wakati wa kugawa nikaleta kikapu changu kama wengine.

Mzee mwenye kokoro alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe uliiachia."

Ndiyo desturi yao. Aliyeachia kamba kabla wavu haujatoka majini hana fungu, hata kama amevuta tangu mwanzo. Nilighadhibika, nikachukua kikapu changu kitupu nikaondoka. Baadaye siku ileile nikanunua samaki mlangoni kwangu, kwa bei ya mtumishi, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa amesimama mbele yangu kwenye kamba. Hata hakuona haya.

Nikarudi tena na tena. Siku mtoto aliponionea huruma akalala, nilipata usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kutosha. Siku alipolia, nilirudi na kikapu kitupu. Ofisini mume wangu alitaniwa, akiingia nyumbani hasemi na mtu. Mimi nilitazama kopo langu, nikahesabu bado kiasi gani nimfikie mama yangu.

Asubuhi moja usipa ulikuwa mwingi na wavu mzito. Mtoto akaanza kulia mapema. Nikamwimbia, nikamtikisa, kamba sikuiachia. Maziwa yalilowesha gauni, na mimi mwenyewe machozi yalinitoka kwa hasira. Ndipo mkono ukaishika kamba nyuma ya mkono wangu. Alikuwa mume wangu, viatu amevivua, suruali yake ya kupigwa pasi ameikunja mpaka magotini.

"Lete. Mnyonyeshe mtoto."

Nikakaa mchangani. Wavu ulipotoka, mtu mmoja akauliza kama hilo nalo si kuachia. Mzee mwenye kokoro akaitazama ile suruali iliyoloa.

"Hao ni nyumba moja," akasema. "Kamba haikuachiwa."

Tukapewa fungu letu. Mume wangu akaenda ofisini na suruali mbichi, na tangu hapo akawa anashuka ziwani kila asubuhi kabla ya kazi. Walimtania, akazoea kuwatania pia. Samaki sikununua tena. Waliozidi niliwaanika, na kopo likapanda mpaka likafika nauli ya mtu mmoja, maana mtoto hupakatwa. Mume wangu alitusindikiza hadi kwenye lori, akanipa kiroba cha usipa mkavu nimpelekee mkwewe.

Mama nilimkuta nje, kwenye kigoda. "Shikamoo, mama," nikasema, na kabla hajamaliza marahaba akanyoosha mikono. "Mlete huku penye jua."

Akamweka mtoto karibu kabisa na lile jicho lililobaki. Alimtazama paji la uso, masikio, vidole, akarudi usoni, mpaka mtoto akamkamata pua. "Paji hili ni la baba yako," akaniambia. Kisha akanishika viganja, akavipapasa. "Huko kwenu unalima nini?"

Nikamweleza habari ya kamba, na ya karani aliyekunja suruali ufukweni. Akacheka sana, akamkumbatia mtoto.

"Basi," akasema. "Sasa hata yakifumba, yafumbe."

Nililia, sikujificha. Halafu nikafungua kiroba, nikawasha moto nimchemshie usipa, naye akauliza kwa nini samaki wa mkwewe ni wadogo hivyo.