Miezi Miwili ya Besi

Nilikuwa na miezi miwili tu ya kujifunza gitaa la besi, na tayari nilimshuku Mwalimu Yona wa kwaya yetu hapa Kimamba. Kila nikiomba kupiga ibadani, ananijibu, "Mdogo wangu, subiri mwaka." Nikajua tu, anaogopa nitamfunika.

Jumapili iliyopita akakubali haraka mno. Nikapiga, waumini wakacheza, lakini yeye na mpiga kinanda walikuwa wanakonyezana. Wivu huo! Nikachomoa waya wa gitaa kwa hasira, waone kwaya bila besi inavyopwaya.

Besi ikaendelea kudunda, kutoka mkono wa kushoto wa mpiga kinanda.

"Rudishia tu, mdogo wangu," akasema Mwalimu, kipaza sauti kikiwa wazi. "Wewe tulikuzima tangu wimbo wa kwanza."