Mtutu Mpya wa Bi Shabaha

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mama mwenye nyumba wangu ni mabega yake. La kulia lilikuwa chini kidogo kuliko la kushoto, mithili ya mizani iliyowekewa mzigo upande mmoja. Siku niliyokwenda kuulizia chumba alisimama mlangoni, nami nikadhani ameegemea kitu. Hakuwa ameegemea chochote. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani na hufanyia kazi katika chumba cha mbele, aliniona nikitazama, akacheka. Alinieleza kwamba kila gauni analomshonea mkewe hulitia pamba bega la kulia ili likae sawa, na kwamba kwa miaka ishirini na mitatu hajawahi kukosea kiasi cha hiyo pamba.

Bega hilo limeshushwa na bunduki. Mama huyu ni mwindaji kiongozi katika kampuni ndogo inayopeleka wageni wenye vibali porini kuwinda nyati. Mgeni hupiga risasi ya kwanza. Yeye husimama ubavuni mwake, na mambo yakienda kombo, risasi ya pili ni yake. Wenzake kazini walimpa jina la Bi Shabaha, na hawakumpa kwa kumpamba. Nyumbani ni mtu wa kawaida kabisa: huchagua nyanya sokoni kwa kuzinusa, husinzia akisoma gazeti, na hugombana na redio kana kwamba inamsikia. Bunduki yake hukaa katika kabati la chuma lililofungiwa ukutani. Kila aliporudi kutoka porini aliitoa, akakaa barazani, akavisha kitambaa chenye mafuta kwenye ufito wa chuma, akausukuma ndani ya mtutu kupitia mdomoni, taratibu, mara ishirini kwenda na ishirini kurudi. Mumewe alikuwa akisema kwamba yeye mwenyewe hajawahi kusuguliwa mgongo kwa mapenzi ya namna ile.

Matatizo yalianza mwishoni mwa msimu uliopita. Nyati aliyejeruhiwa na mgeni alikimbilia vichakani, na Bi Shabaha akampiga risasi mbili ambazo hazikwenda alikozituma. Walimfuata mnyama yule kwa saa tano kabla ya kummaliza. Hakuna mtu aliyeumia, lakini mwindaji aliyemfuata nyati mwenye majeraha kwa saa tano huwa hasimulii kwa sauti kubwa. Wiki iliyofuata, kwenye uwanja wa shabaha, alipiga risasi tatu kwa umbali wa hatua mia moja, zikatawanyika kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Wenzake, ambao kinywa hakijawahi kuwa mzigo kwao, wakambatiza upya: Bi Nusura.

Meneja hakutania. Alitangaza kwamba kabla ya msimu mpya kila mwindaji kiongozi ataweka risasi tatu mahali panapofunikwa na kiganja kimoja. Atakayeshindwa atabaki ofisini, kupokea simu na kuhesabu mahema.

"Kuhesabu mahema," alirudia Bi Shabaha mezani, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Mtutu, basi, ulipaswa kubadilishwa. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya fundi wa kuubadilisha na aina ya risasi ambayo mtutu mpya ungechukua. Ule wa zamani ulichukua risasi ambayo wawindaji huiita mia tatu sabini na tano. Yeye sasa alitaka mia nne hamsini na nane, ambayo ni nene na nzito zaidi. Hoja yake ilieleweka hata kwangu, mtu ambaye silaha yangu kubwa ni kalamu: kama risasi kubwa ndiyo ingemwingia nyati yule, asingetembea saa tano.

Mumewe aliweka mkasi chini. "Mke wangu, unataka kumwangusha nyati au kuniongezea matumizi ya pamba?"

Jumamosi moja Bi Shabaha aliniomba nimsindikize kwa mafundi. Wa kwanza alikuwa na duka la vioo katikati ya mji, lenye kiyoyozi na viti vya kuzunguka. Aliitazama bunduki kwa muda ambao mtu hutazama saa yake, akasema mia nne hamsini na nane inawezekana, kubwa kuliko hiyo pia inawezekana, na wiki mbili zinatosha. Alipoulizwa kwa nini risasi zilikuwa zikitawanyika, alijibu kwa neno moja: uzee. Hakufafanua kama ni wa bunduki au wa mwenye bunduki.

Tulipokuwa tukishuka ngazi, Bi Shabaha aliniambia kwamba fundi asiyeuliza swali humtia wasiwasi kuliko nyati asiyekimbia. "Mume wangu hunipima kabla ya kukata kitambaa, hata kama alinipima jana," alisema. "Na hicho ni kitambaa tu, mwanangu."

Fundi wa pili anaitwa Bado, kwa sababu ukimuuliza kama kazi yako imekwisha, hilo ndilo jibu lake. Karakana yake iko nyuma ya duka la pampu za maji. Leseni yake ya kutengeneza silaha imetundikwa ukutani juu ya kerezo, ile mashine inayozungusha chuma kikichongwa. Alipoambiwa habari za mia nne hamsini na nane alisema tutafika huko. Aliifungua bunduki, akaufunga mtutu kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, akachukua kigololi cha madini laini na kukiingiza kwa nyuma, kisha akamkabidhi mama ufito.

"Sukuma wewe. Sikiliza kwa mkono."

Akasukuma. Mwanzoni kigololi kilibana, katikati kikabana vilevile. Kilipofika shubiri moja kutoka mdomoni kililegea ghafla, kikateleza na kuanguka mezani, mfano wa mguu unaochomoka kwenye kiatu cha kuazima.

Fundi akauliza bunduki husafishwa vipi. Mama akaonyesha kwa fahari, ishirini kwenda na ishirini kurudi, na fundi akamwacha amalize. Kisha akaeleza kwamba ufito unaoingizwa kupitia mdomoni hukwaruza mahali palepale kila unapopita, na vumbi lililonasa kwenye kitambaa hufanya kazi ya msasa. Mdomo ndio unaoigusa risasi mwisho kabla haijaruka. Ukishalegea, hakuna jicho linaloweza kusaidia. Ufito huingizwa kwa nyuma.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiharibu."

"Umeisafisha mpaka ukaimaliza, mama. Wavivu mitutu yao mizima."

Nilitazamia akasirike. Alicheka mpaka akashika meza. Kicheko kilikatika katikati, kwa sababu alikumbuka kwamba amewafundisha wawindaji saba walio chini yake kusafisha hivyohivyo, na kwamba mmoja wao yeye mwenyewe alimfokea mbele ya wageni kwa uvivu wa kusafisha. Aliuliza kama ile shubiri moja inaweza kukatwa. Fundi akamwonyesha kutu iliyokula upande wa nyuma, akasema mtutu huu umestaafu, upewe mkono wa kwaheri.

Aliwapigia simu wote saba papo hapo karakanani. Yule mvivu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba samahani, simu inakatakata, arudie ile sehemu ya wavivu. Akarudia. Akaombwa tena.

Kuhusu risasi, Fundi Bado alituita kwenye uwanja wa shabaha wiki iliyofuata. Alikuja na bunduki mbili zake mwenyewe, moja ya kila aina. Sharti lake lilikuwa moja: yeye ndiye atakayezijaza, na mama asitazame. Alianza na ile kubwa. Risasi ya kwanza ilikwenda katikati, ya pili jirani yake, na Bi Shabaha akanigeukia kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Ya tatu haikulia. Tulisikia "ta" tu, kwa kuwa fundi alikuwa ameweka ganda lisilo na baruti. Na wote tuliona: bila mlipuko wowote wa kusingizia, mdomo wa bunduki ulichovya chini kama kuku anayekunywa maji, na macho ya mama yalikuwa yamefumba.

Fundi aliipokea ile bunduki kubwa. Alimpa bunduki ndogo, iliyojazwa kwa siri vilevile. Mbili zikalia, ya tatu ikasema "ta". Safari hii mtutu haukutikisika. Ungeweza kuweka sarafu juu yake.

"Ile kubwa mwili wako unaikimbia kabla hujafyatua," alisema fundi. "Nyati hatauliza risasi yako ina unene gani, mama. Atauliza imeingia wapi."

Bi Shabaha aliketi kwenye benchi na kuvua viziba masikio. Alikuwa ametimiza miaka hamsini na mmoja mwezi uliopita.

"Nilidhani ni macho," alisema polepole. "Miezi yote hii. Hata nyumbani sijamwambia mtu."

Fundi alimjibu kwamba amemtazama macho tangu asubuhi na hayana neno. Baada ya hapo hawakubishana tena. Ilikubaliwa mtutu mpya uwe wa mia tatu sabini na tano, kama ule wa zamani. Mumewe alipopata habari alikanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu zaidi, akaimba wimbo ambao hajui maneno yake.

Mtutu uliagizwa, ukafika baada ya wiki sita. Kila Bi Shabaha alipopiga simu alijibiwa bado. Meneja akatangaza kwamba jaribio litakuwa Jumamosi na msimu utafunguliwa Jumatatu. Jumatano, bado. Jana, bado.

Leo Ijumaa, saa tano asubuhi, fundi amepiga simu mwenyewe. Bunduki iko tayari, ameijaribu, ameilenga, na ataileta uwanjani kwa mkono wake. Risasi zake za majaribio zilikaa vipi amekataa kusema. Anadai hayo si mambo ya kuambiwa kwa simu.

Tangu hapo nyumba haijatulia. Bi Shabaha amepiga kiwi viatu vya porini mara mbili na kugombana na redio iliyozimwa. Mumewe amewaarifu wateja kwamba kesho hafungui, jambo ambalo wapangaji wa zamani wanasema halijatokea kamwe siku ya Jumamosi. Katika miaka yao yote ya ndoa hajawahi kumwona mkewe akipiga hata risasi moja. Ameuliza asimame wapi, naye amejibiwa asimame nyuma yake, hatua kumi, azibe masikio, na asikohoe. Ameniomba nimwamshe saa kumi alfajiri asije akapitiwa na usingizi, ingawa tunaondoka saa moja na jaribio ni saa tatu.