Jiwe la Zambarau Lililopauka

Kwa sonara mmoja wa Konde nilimkuta bibi aliyeleta pete ya marehemu mama yake, jiwe lake limelegea.

"Jiwe hili, Bi, Wagiriki wa kale walilivaa ili wasilewe," sonara alimwambia.

"Mama hakulewa hata siku moja. Basi lilifanya kazi."

Sonara akacheka, akamsogezea jiwe jipya, zambarau iliyokoza. "Lako limepauka, limeliwa na jua. Nikutilie hili?"

Bibi akafumba kiganja juu ya pete. "Jua hilo ni la majamvi ya kuanikia karafuu kule Ole, mama alikotulea. Hilo lako limeanika nini?"

Sonara alilirudisha jipya kabatini, akaipokea pete kwa mikono miwili.

Nimesoma kwamba zamani jiwe hili lilivaliwa na wafalme. Sidhani kama kati yao yupo aliyelivaa kazini.