Mguu Mzito Kwenye Njia ya Mwazye

Mume wangu hakubali kula vumbi la mtu. Si yeye peke yake. Madereva wengi wa huku kwetu, wakishaacha lami na kuingia barabara ya udongo wakati wa kiangazi, wakiona gari mbele yao ni kama wametukanwa. Ukikaa nyuma ya lori la mahindi utafika mwekundu kuanzia nywele hadi kope. Kwa hiyo kila mtu anataka kuwa wa mbele, na aliye mbele naye hataki kupitwa, basi wote wanakanyaga mafuta, na vumbi linazidi kuwa jingi.

Kigari chetu ni kidogo, injini ndogo, matairi membamba. Tulikinunua kwa kazi mbili: kumpeleka yeye kwenye duka lake la mbegu na majembe mjini Sumbawanga, kutoka nyumbani Pito, na kunipeleka mimi Mwazye kumwona mama yangu. Mimi nilikitaka kwa sababu ya hiyo ya pili. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki. Macho yake yameingia ukungu, na tukimwomba ahamie kwetu anasema shamba halihamishiki.

Kiangazi kile mume wangu akaanza kulalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Alilalamika asubuhi akitoka, akalalamika jioni akirudi, na mimi nikisikiliza huku nashona, maana kazi yangu ni ya cherehani. Alilipeleka kwa fundi. Fundi akabadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, akalizungusha mtaani, akasema gari ni zima. Jibu hilo halikumfurahisha. Akaamua kuliuza anunue pikipiki, na haikuchukua muda mfanyabiashara mmoja wa mjini akalipenda, wakakubaliana aje kulichukua Jumatatu.

Nilishikwa na hofu. Pikipiki isingempakia mama yangu, na wakati huohuo alikuwa amekubali, baada ya kubembelezwa sana, kuja mjini kutazamwa macho hospitalini. Macho hayatibiwi kwa siku moja. Angetakiwa kuja na kurudi, na basi la kule linamtikisa hata kijana akashuka ameshika kiuno. Gari likiondoka, macho ya mama nayo yamekwenda.

"Mchagua jembe si mkulima," nilimwambia.

Alicheka, kwa sababu yeye ndiye muuza majembe. "Na ninyi mafundi cherehani mna maneno. Gari ni bovu, mke wangu."

"Gari zima. Mguu wako ndio mzito."

"Wewe umeendesha lini?"

Hapo alinipata. Sijawahi kuendesha gari. Lakini nimekaa kwenye kiti cha kushoto muda mrefu, na kazi yangu imenifundisha jambo moja kuhusu miguu: cherehani ukiikanyaga kwa pupa inakata uzi, ukiikanyaga taratibu inakwenda mbali. Yeye akitoka tu getini injini inanguruma. Akiona tuta, anaongeza mwendo kulifuata, kisha anakanyaga breki juu yake tukainama sote. Akiona kilima anakipanda kwa hasira. Mafuta anayachoma kufika mahali ambapo anajua kabisa atasimama. Nikimwambia haraka haraka haina baraka, ananijibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na methali zikishagongana hivyo hakuna mshindi.

Jumamosi tukaenda kumchukua mama. Mume wangu alitia mafuta mjini, mshale ukasimama nusu. Tulipoacha lami tukakuta lori la mahindi, na mimi nikajua yatakayofuata. Akalisogelea, akaingia ndani ya vumbi lake, akapiga honi, akatoka upande wa kulia asikoona kitu, akakanyaga hadi mwisho. Nilishika mpini wa mlango nikafumba macho. Tulipofika Mwazye mshale ulikuwa umelala karibu na robo. Akanionyesha kwa kidole, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona? Jumatatu mteja akija namkabidhi ufunguo. Na kurudi sijui kama tutafika. Tutanunua ya chupa njiani."

Mama alikuwa ametoka mlangoni, anapapasa ukuta.

"Shikamoo, mama," mume wangu alisema, na sauti yake ikashuka papo hapo.

"Marahaba, baba. Poleni na safari."

Niseme hapa kwamba mume wangu ni mtu mwingine kabisa mbele ya mama mkwe. Wanaume wa kwetu walilelewa hivyo. Mbele ya mama wa mke hapazi sauti, hatukani, hakurupuki. Mama alikaa kiti cha nyuma, jogoo wa zawadi miguuni kafungwa kamba, na mkwe wake akafunga mlango polepole kana kwamba umetengenezwa kwa ganda la yai.

Akawasha gari. Nikasubiri ngurumo, haikuja. Aliondoka taratibu, akabadilisha gia mapema, na kigari kikaanza kwenda chenyewe. Akiona shimo mbele aliachia mafuta tangu mbali, gari likapunguza mwendo bila breki. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua yamelala, na vilima vimekaa wazi upande huu na upande ule. Ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka Usukuma walikuwa wanavuka, wengi, hawana haraka. Siku nyingine angepiga honi hadi wachanganyikiwe. Leo alisimama, akazima injini, akamwamkia mzee aliyewachunga, akangoja mkia wa mwisho upite.

Kisha mbele yetu likatokea lori jingine la mahindi. Niliona shingo yake inakakamaa. Mkono ukaenda kwenye honi, halafu akatazama kwenye kioo, akamwona mama, na mkono ukarudi. Akapandisha vioo. Akalegeza mguu, akaliacha lori liende na vumbi lake, mpaka likawa wingu dogo kule juu ya kilima. Tulipofika Matai, mji wa njiani, tulilikuta limeegeshwa, dereva wake kakaa mgahawani anakunywa chai. Mume wangu alilitazama lile lori mpaka tukalipita. Mama alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi.

Nyumbani nilimshusha, nikamwingiza ndani na jogoo wake.

"Gari yenu inatembea vizuri," alisema. "Nilidhani nitavunjika. Hata huko hospitali wakiniambia nirudi, nitarudi."

Nilipotoka nje mume wangu alikuwa bado ameketi nyuma ya usukani, anagongagonga kioo cha mshale kwa kidole. Mshale ulikuwa bado haujafika mstari mwekundu, tena ulikuwa juu kidogo ya pale nilipotegemea hata mimi.

"Umekwama," alisema.

"Haujakwama."

Akazima, akawasha tena. Mshale ukapanda palepale. Akachukua simu, akampigia yule mfanyabiashara mbele yangu. Alimwomba radhi vizuri, akamwambia gari haliuzwi tena, mama mkwe wake ana safari za hospitali. Alipokata simu alinitazama akitabasamu, akingoja nimcheke au nimshukuru.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nilifungua mlango nikaketi upande wangu ili nimshukuru. Lakini niliona mikono yangu bado ina alama nyekundu za mpini wa mlango, za asubuhi ileile. Hasira ilinipanda, na ndani ya hasira mlikuwa na uchungu ambao sikuujua kwamba nimeubeba.

"Kumbe unajua kuendesha hivi," nilisema.

"Si nilikuwa nimembeba mama."

"Na siku zote hizi ulikuwa umembeba nani?"

Akachomoa ufunguo, akaushika mkononi akiutazama. Tukakaa hivyo, gari limesimama, mpaka mama akauliza kutoka ndani mbona hatuingii.