Mji Usiofungua Lango

Kijitabu cha jubilei ya kanisa letu kilinifikia kwenye simu nikiwa sokoni Tunduma, nimekaa juu ya gunia la mchele, mtoto mgongoni. Ukurasa wa tisa ulikuwa na picha ya wazungu waliovaa kofia zenye manyoya, wakiigiza mchezo wa kale wa Kiholanzi kwenye shamba la kahawa kule kwetu Mbozi. Chini ya picha wameandika: mchezo huu ulikoma wazungu walipoondoka.

Ulikoma? Mimi nimeshinda njaa ndani ya mchezo huo miaka sita.

Ngoja nikueleze, maana wewe hukuwepo. Shamba lilikuwa la Mholanzi na mkewe. Kila mwaka mavuno yakiisha waliwaita wazungu wenzao, wakulima na daktari mmoja, watu ambao kuigiza haikuwa kazi yao hata kidogo, wakacheza ndani ya ghala habari ya mji wao wa zamani. Mji umezingirwa na adui. Chakula kimekwisha, watu wanakula panya. Wananchi wanamfuata meya wanamtaka afungue lango. Meya ananyoosha mkono anawaambia, kateni huu mle, lango sifungui. Mwishowe wanabomoa kingo za maji, mashamba yanafurika, adui wanakimbia, mashua za wenzao zinaingia na mikate.

Bibi yangu alikuwa msichana wa jikoni pale. Kazi yake ilikuwa kuchemsha maji na kupiga pasi zile kola zao kubwa. Mazoezi aliyatazama dirishani. Kiholanzi hakujua hata neno moja. Mpishi ndiye aliyemsimulia kisa. Wazungu walipokwenda zao, bibi akawakusanya majirani kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, akauanza mchezo upya kwa Kiswahili na Kinyiha. Maneno akatunga mwenyewe. Kola akakata kwenye mifuko ya mbolea.

Nikifumba macho naisikia harufu ya siku ile: maganda ya kahawa yaliyochacha, moshi, vumbi la uwanja uliofagiliwa na kunyunyiziwa maji. Asubuhi tulichota maji na kuosha viazi vitamu, vikawekwa jikoni, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Sheria ya bibi ilikuwa kwamba mwigizaji hali kitu tangu kunapokucha mpaka mji uokolewe. Hata sisi watoto. Alisema ndivyo wazungu walivyofanya, ameona kwa macho yake, sinia za chakula zilirudishwa jikoni bila kuguswa.

Aliyeruhusiwa kula alikuwa jirani yetu mmoja tu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe, kwa sababu yeye alikuwa jemadari wa adui na adui walishiba. Alikaa kwenye kigoda mbele ya lango letu la mabua anatafuna hindi la kuchoma polepole. "Jamani humo ndani, hamsikii harufu? Fungueni basi tugawane." Tulimtukana kwelikweli, si kwa kuigiza.

Mwaka mmoja mlinzi wa lango alikuwa mwalimu wetu wa darasa la nne. Jemadari alipofika nusu ya hindi la pili, mwalimu akafungua.

"Mwalimu, umeuza mji," bibi akamwambia.

"Mama, mimi nina vidonda vya tumbo."

"Ungesema asubuhi tukakufanya adui."

Tukaanza tena tangu mwanzo. Saa kumi hivi ndoo za maji zilimwagwa uwanjani, akina mama wakapita katikati ya tope na nyungo za viazi na samaki wakavu wa Rukwa waliopakwa chumvi ya Ivuna. Watu wazima walikula huku wanalia. Mimi sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na nimeshakula kwenye harusi za matajiri.

Kisha yule mpishi wa zamani, mzee kabisa, akaja siku moja kututazama. Alipoambiwa tumefunga alicheka mpaka akashikwa kifua. Wazungu hawakufunga bwana, akasema. Mke wa mwenye shamba alikataza chakula kwa sababu nguo zile zilibana, mwaka uliotangulia zilichanika mgongoni mbele ya wageni. "Hiyo shida yao," bibi akasema. "Hapa hakuna kula."

Sasa unaelewa kwa nini Jumapili iliyofuata nilipanda gari nikaenda mbele ya kamati ya jubilei, mtoto akiwa bado mgongoni.

"Mwanangu," mwenyekiti akaniambia, "ule wa bibi yako ulikuwa wa kienyeji. Hapa tunaandika historia ya mchezo wenyewe."

"Mzee, si wewe ulikuwa mwananchi wa tatu? Tena ulilia."

"Nililia njaa."

"Ndiyo mchezo wenyewe huo."

Wenzake wakacheka, yeye akakohoa. Akasema wataongeza mstari mmoja: baadaye wenyeji waliuiga. Nikakataa. Mtu haigi njaa, na hatukumwiga mtu. Nikamwambia uandikeni mnavyotaka, sisi siku ya jubilei tutacheza, na mtakuja kutazama na matumbo matupu.

Tutacheza. Jemadari amekubali, macho hayaoni vizuri ila sauti ipo. Mwalimu amekubali, safari hii upande wa adui. Ghala limeezuliwa, nusu ya uwanja imejengwa fremu za maduka, bibi yuko makaburini. Wiki tatu hizi nimezunguka nyumba kwa nyumba na daftari la mwanangu wa kwanza, kila mtu ananipa maneno anayoyakumbuka, mmoja sentensi, mwingine nusu yake.

Hotuba ya mwisho ya meya hakuna aliyenipa. Meya alikuwa bibi mwenyewe, aliibadilisha kila mwaka, na sisi wote tulikuwa tunatazama viazi. Watu wananishauri nitunge yangu. Sitatunga. Tukifika pale nitasimama mahali alipokuwa anasimama, niwaambie waziwazi: hapa palikuwa na maneno ya mwanamke mmoja, tuliyasikia wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyaandika. Halafu nitanyamaza, muda uleule aliokuwa anautumia yeye kusema, na kamati nayo ingoje.