Mtani Aliyelikalia Sanduku Langu

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, hapa hapa Tabora, na nilikuwa nimeamua kutoroka.

Umeniandikia kwamba chuo chako hakikufai, unataka kuhama, na baba yako hajui. Nimeusoma ujumbe wako nikashindwa kumaliza chai. Basi nisikilize mimi shangazi yako, maana hofu hiyo naifahamu.

Nilipochaguliwa kusomea uuguzi, usharika wetu wote kule Sikonge ulisimama kuniombea. Mama mchungaji akaniwekea mikono kichwani, na babu yako, mtu asiyelia hata msibani, akalia. Sasa mtu aliyeliliwa hivyo atarudi vipi kusema pamemshinda? Nikaanza kazi wodini. Damu sikuiogopa, niliogopa kukosea dawa nikaua mtoto wa mtu. Nikishika sindano, mgonjwa ndiye ananipa pole! Nilichotaka ni kusomea ufugaji wa nyuki, lakini kila niliyemdokezea alinijibu, "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge." Methali nzuri, ila aliyeitunga hakusema uoge mpaka uzame.

Nikapanga nipande basi la Ulyankulu, nikajifiche kwa mama mdogo, hayo mengine Mungu ataona. Nafika stendi na sanduku langu la bati, nani namwona? Mzee Kibwana, fundi cherehani wa mjini, Mzaramo ambaye mababu zake walikuja huku na misafara wakalowea. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi hizo, na mtani, kama hukufundishwa, ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu na kukunyang'anya kitu chako, nawe huruhusiwi kununa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mpagazi. Safari ya wapi, na leo siku ya masomo?"

"Nyumbani kuna msiba."

"Kafa nani?"

Nikakosa wa kumuua. Mzee akalichukua sanduku, akaliweka chini, akalikalia. Watu wakajaa, wanacheka, na basi linapiga honi. Nikamtolea nauli yangu nilikomboe.

"Hela zako sitaki," akasema. "Nipe kweli."

Nikaisema yote, machozi yananitoka, mbele ya makondakta na wauza karanga. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema kwa sauti. Mzee akaacha kucheka.

"Babu zako walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani," akaniambia. "Mzigo ukimshinda mtu, aliutua mbele ya mnyapara akasema, huu umenishinda, nipeni mwingine. Huyo hakuaibika. Aliyeutupa porini akakimbia ndiye aliyeitwa mtoro, na msafara mwingine haukumtaka. Wewe unataka kuitwa nani?"

Basi likaondoka. Akanibebea sanduku mpaka chuoni, huku akinitukana njia nzima kwa kumchosha mzee wa watu, kisha akampelekea babu yako salamu kwamba aje.

Jumapili babu yako akaja, amevaa shati lake la kanisani. Nikamwambia yote. Akawa anaigeuzageuza kofia yake mapajani.

"Na wale waliokuombea?"

"Sijui, baba."

"Nitawaambia sasa waombee nyuki."

Usidhani alitania. Aliumia, na kwa miezi mingi hakuniuliza habari za masomo. Na mimi iliniuma. Nilimaliza muhula, nikamuaga mkuu wa chuo, nikaomba nafasi kwenye chuo cha nyuki, nikakaa roho juu mpaka nilipojibiwa. Na huko pia nililia, kwa kuumwa na nyuki na kwa ugeni. Ila nililia huku nataka kubaki.

Kwa hiyo sikukatazi kuhama, mwanangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini kwanza kula, lala, halafu ujiulize kama ni chuo kisichokufaa au ni ugeni tu, maana ugeni hupita wenyewe. Hakikisha unakokwenda watakupokea kabla hujaaga ulipo. Mitihani uliyoianza imalize, usiache nyuma yako kitu kilichotupwa. Na baba yako umwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na watu. Atakasirika. Mwache akasirike, ni mdogo wangu, namjua. Mzazi aliyeambiwa hasira yake hupoa. Aliyefichwa hukaa nayo miaka.

Najua unaogopa. Hata mimi naandika haya nikikuogopea, kwa sababu mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe umeficha muda mrefu.

Asubuhi hii nimempigia baba yako kumsalimu tu, sikumwambia neno. Ameniuliza mwenyewe kama unaumwa. Anasema siku hizi ukipiga simu huongei, unaitikia tu, na mama yako halali. Hao ndio watu unaowaogopa.

Mungu akupe kauli njema, ampe baba yako masikio, na popote utakaposoma upate usingizi. Sasa acha kuniandikia mimi, mwanangu. Mpigie.